Ngome Imehifadhiwa, Ndia Je? Kimvita kama Kumbukumbu ya Mji wa Mombasa

1.0 Utangulizi

Barabara inayotoka penye Ngome ya Yesu na kupenya ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa huitwa Ndia Kuu. Katika Kiswahili Sanifu jina hilo lingekuwa Njia Kuu. Limebaki lilivyo kwa sababu ni jina la mahali, na majina ya mahali hayapitishwi katika kamati za lugha. Neno hilohilo, ndia, likiandikwa na mtoto wa Mombasa katika insha yake ya shule, huhesabiwa kuwa kosa. Likiandikwa kwenye kibao cha barabara, huhesabiwa kuwa urithi. Hitilafu hii si ndogo kama inavyoonekana, nayo ndiyo kiini cha makala haya.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kimvita, yaani lahaja ya Kiswahili ya kisiwa cha Mombasa na viunga vyake, ni sehemu ya mji huo sawa na kuta zake za matumbawe, roshani zake za mbao na milango yake ya nakshi. Juhudi za kuuhifadhi mji ambazo haziihifadhi lahaja hiyo zinahifadhi nusu ya mji tu, tena nusu ile ambayo ujenzi wake uliongozwa zaidi na wageni. Makala hayadai kwamba Kiswahili Sanifu kiachwe, wala kwamba uamuzi uliofanywa zamani ubatilishwe. Yanadai kwamba usanifishaji wa lugha ni jambo moja, na kusahau ni jambo jingine, na kwamba vyuo vinavyofundisha Kiswahili vina wajibu wa kuyatenga mambo hayo mawili.

2.0 Mji kama unavyosimuliwa na ngome

Simulizi la kawaida la historia ya Mombasa linajulikana. Vasco da Gama alifika mwezi wa Aprili 1498, akashukiwa, akaendelea na safari hadi Malindi. Mwaka 1505 Francisco d'Almeida aliushambulia mji na kuuchoma. Mji ukajengwa tena, ukashambuliwa tena na Nuno da Cunha mwishoni mwa miaka ya 1520, kisha tena mwaka 1589. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageukia waliomlea, akamwua kapteni wao na kuitwaa ngome. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia mwaka 1696 hadi walipoiteka mwaka 1698. Wareno walirudi kwa kipindi kifupi mwaka 1728 na 1729. Baadaye Wamazrui walitawala kama maliwali, kisha kama watawala waliojitenga na Omani, hadi Sayyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mambo hayo yote ni ya kweli na yanastahili kufundishwa. Kasoro yake ni ya namna nyingine. Mtu akizichunguza sentensi za simulizi hilo kwa jicho la mwanasarufi, ataona kwamba katika karibu kila moja mtendaji ni mgeni na Mombasa ni mtendwa: inashambuliwa, inachomwa, inazingirwa, inatekwa, inaorodheshwa. Ni mara chache mji wenyewe kutenda jambo. Hata Yusuf bin Hasan, aliyetenda jambo kubwa, husimuliwa zaidi kama tukio katika historia ya Wareno kuliko kama tukio katika historia ya Wamvita.

Sababu ya hali hiyo si chuki ya wanahistoria. Ni aina ya ushahidi waliokuwa nao. Wareno waliandika barua na taarifa, wakazihifadhi. Waingereza waliandika kumbukumbu za ofisi. Ngome ni jengo la mawe lisilohama, na anayelitazama huanza kuuliza nani alilijenga. Hivyo historia ya mji ikafuata nyayo za waliojenga ngome, na miaka ya kabla yake ikawa kama dibaji fupi. Lakini Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, miaka 167 kabla ya da Gama, akakuta mji wa Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, na visima penye milango ya misikiti hiyo. Aliona pia kwamba kisiwa hakikuwa na mashamba ya nafaka, na kwamba chakula cha aina hiyo kililetwa kutoka ng'ambo. Taarifa hiyo fupi ina jambo zito: Mombasa ulikuwa mji usioweza kuishi bila bara yake. Jambo hilo halionekani kwenye kuta za ngome. Linaonekana kwenye maneno ya wenyeji.

3.0 Mji kama unavyosimuliwa na maneno

Mapokeo ya wenyeji yanaanza na Mwana Mkisi, mwanamke anayetajwa kuwa mtawala wa mji wa kale wa Kongowea, na baada yake Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Wapo wanaolieleza neno Mvita kwa kulihusisha na vita, kwa kuwa mji umepigwa mara nyingi. Wapo wanaolihusisha na kitendo cha kujificha. Maelezo hayo mawili yanalifanya jina liwe sifa ambayo watu wa nje wanaipa Mombasa. Mapokeo ya wenyeji hulichukua kuwa jina la mtu, mwenye mji. Hapa haihitajiki kuamua ni etimolojia ipi iliyo sahihi. Inatosha kuona kwamba kila moja inatoka kwa watu wanaouangalia mji wakiwa mahali tofauti, na kwamba ile ya wenyeji inauanza mji kwa mwanamke na shehe wake, si kwa mashambulizi.

Neno la pili ni Thenashara Taifa. Wenyeji wa Mombasa walijipanga katika mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Fungu la pili ni Tisa Taifa, yaani Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Kila fungu lilikuwa na tamimu wake, msemaji aliyeliwakilisha mbele ya mtawala, na kila fungu lilikuwa na mapatano yake na makundi ya Wamijikenda wa bara. Majina yenyewe ni ramani. Kilifi na Mtwapa ni miji ya pwani ya kaskazini ya Mombasa; Pate, Faza na Shaka yanaelekeza kwenye visiwa na pwani ya kaskazini zaidi; Jomvu na Changamwe yako ng'ambo ya kisiwa. Anayeyasoma majina hayo kumi na mawili anasoma historia ya watu waliohamia mjini kwa nyakati mbalimbali, wakapewa nafasi bila kulazimishwa kuacha majina ya walikotoka. Hilo ni jambo la kisiasa, tena la hali ya juu, nalo halikuandikwa na kapteni yeyote.

Kwa mfano huohuo, Kilindini leo ni jina la bandari kubwa ya kisasa, mlango wa bidhaa zinazokwenda Nairobi, Kampala na Kigali. Wengi wanaolitamka jina hilo hulichukua kuwa la gati na kreni. Kilindi ni maji ya kina kirefu, na Wakilindini ni mojawapo ya mataifa matatu. Bandari imekua, na jina la watu limefunikwa na jina la kazi.

Neno la tatu ni gereza. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome za Wareno kulikuwa na kanisa. Jina la kanisa likaenea kwa jengo zima. Ngome zikatumiwa kufungia watu. Na mwishowe neno likabaki na maana ya kifungo peke yake. Katika Mombasa maana hiyo ya mwisho ilitimia kwa miaka zaidi ya sitini, kuanzia 1895 hadi 1958. Neno moja la silabi tatu linabeba historia ambayo kuieleza kwa kawaida kunahitaji sura tatu za kitabu, na linaibeba kwa upande wa waliofungwa.

Neno la nne ni leso, nalo pia lina asili ya Kireno. Nguo ambayo Unguja na Dar es Salaam huitwa kanga, Mombasa huitwa leso hadi leo. Neno la mgeni limechukuliwa, likavaliwa, likawa la arusi, la uzazi na la msiba, hata mgeni aliyelileta akasahaulika. Ikiwa gereza ni neno linaloonyesha jinsi mji ulivyoumizwa, leso ni neno linaloonyesha jinsi mji ulivyoweza kumeza kilichoingia na kukifanya chake.

Maneno peke yake, hata hivyo, hayatoshi. Yanahitaji watu walioyapanga. Mombasa ilimpata Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kuanzia 1776 hadi 1840. Katika mashairi yake Mombasa ni mtendaji. Inabishana na Lamu, inajibizana na washairi wa Lamu kama Zahidi bin Mngumi, inawakejeli waoga na kuwasifu mashujaa wa enzi ya Wamazrui, inacheka, inafilisika, inapenda, inakata tamaa. Muyaka aliushuhudia mwisho wa utawala huo mwaka 1837, wakati viongozi wa Kimazrui walipokamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Mwanahistoria anayetaka kujua tukio hilo lilionekanaje kutoka ndani ya mji hawezi kumruka mshairi huyu, wala hawezi kumsoma bila Kimvita.

Mashairi yenyewe yalinusurika kwa shida. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya na kuyafafanua mengi yake kwa ushirikiano na mmisionari William Taylor. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mkubwa mwaka 1979. Lau Mwalimu Sikujua asingeifanya kazi hiyo, miongo kadhaa baada ya kufa kwa mshairi, sehemu kubwa ya sauti ya Mombasa ya karne ya kumi na tisa isingekuwapo leo. Jambo hili litafaa kukumbukwa katika sehemu ya sita.

4.0 Uamuzi wa mwaka 1928 na matokeo yake

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa wawakilishi wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ili kuchagua lahaja moja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Wagombea wakuu walikuwa wawili. Kiunguja kilikuwa na kazi za Askofu Edward Steere na kilikuwa kimeenea bara kwa njia za misafara. Kimvita kilikuwa na utangulizi wa Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882, pamoja na hazina ya ushairi ambayo hata wapinzani wake hawakuikana. Kiunguja kilichaguliwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kuusimamia uamuzi huo. Mkutano uliokiondoa Kimvita katika uandishi wa shule ulifanyika Mombasa.

Hoja za kukichagua Kiunguja zilikuwa na nguvu, na historia imezithibitisha. Lugha moja yenye tahajia moja ilirahisisha elimu, uchapishaji na, baadaye, siasa za uhuru. Lakini uamuzi wa kuchagua msingi wa uandishi uligeuka polepole kuwa uamuzi wa kupima usahihi. Kilichokuwa lahaja isiyochaguliwa kikawa lahaja isiyo sahihi. Mato yakawa makosa kwa macho, kitwa kikawa kosa kwa kichwa, mtele na mtuzi vikasahihishwa jikoni, na vunda na tinda vikafutwa kwa wino mwekundu ili viwe vunja na chinja. Mtoto aliyeyajifunza maneno hayo kwa bibi yake alifundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Tahajia nayo ilichukua sehemu yake. Kimvita hutofautisha t inayotamkwa kwa ulimi kugusa meno na t inayotamkwa kwenye ufizi. Hutofautisha pia sauti zenye mpumuo na zisizo nao: paa mnyama ana mpumuo na paa la nyumba halina, kaa wa pwani ana mpumuo na kaa la moto halina. Mpumuo husikika pia katika lahaja nyingine, lakini tahajia ya kawaida haiuonyeshi wala haizionyeshi t mbili. Waandishi wa Mombasa waliotumia hati za Kiarabu walikuwa wamebuni alama za kuzibainisha sauti hizo, na Sheikh Yahya Ali Omar, msomi wa Mombasa aliyefanya kazi London kwa miaka mingi hadi kufariki kwake mwaka 2008, aliendeleza kazi ya aina hiyo. Anayesoma shairi la Kimvita katika tahajia ya sasa anasoma maneno yake, lakini sehemu ya matamshi yake imeachwa nje ya ukurasa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ingeweza kudhaniwa kuwa dawa. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na inaliagiza dola kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Lakini Kimvita kinaanguka katikati ya mafungu hayo. Hakitetewi kama lugha ya jamii, kwa sababu kinahesabiwa kuwa Kiswahili, na Kiswahili kimekwisha kutetewa. Hakitumiki kama Kiswahili, kwa sababu Kiswahili maana yake ni Sanifu. Mtoto wa Mgiriama au Mdigo anaweza kudai lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo. Mtoto wa Kibokoni huambiwa kwamba tayari anafundishwa kwa lugha ya mama, kisha husahihishwa kila anapoisema.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la umoja. Inaweza kudaiwa kwamba kuzipa lahaja hadhi ni kuuvunja msingi uliojengwa kwa shida, na kwamba kila pwani itadai yake. Jibu ni kwamba Sanifu haikui kwa kuziua lahaja, inakula kwao. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mwenyeji wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka 2017, alionyesha mfano. Alichimba katika lahaja na ushairi wa kale, akatoa maneno kama runinga, ambalo leo linatumiwa na wasemaji wasiojua lilikotoka. Washairi wa Mombasa wamefanya vivyo hivyo. Ahmad Nassir Juma Bhalo katika Malenga wa Mvita (1971) na Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya mashairi aliyoyatunga kifungoni, hawakuiacha ndimi yao, nao husomwa na kutahiniwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Si haki kwa idara moja kutunuku shahada kwa uchambuzi wa diwani hizo na papo hapo kuyakubali mazingira ambamo lugha iliyozizaa haitazaa nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halipasi kupuuzwa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333, na wenye asili ya Thenashara Taifa ni wachache kati yao. Je, kukiinua Kimvita si kuwarudishia waungwana wa zamani ukuu wao, na kuwasahau Wamijikenda, watu wa bara, Wahindi, Wahadhrami, na wazao wa watumwa ambao jasho lao limo ndani ya chokaa ya mji huo? Hatari hiyo ipo. Lugha ya mji ikigeuzwa kuwa hati ya nasaba, itatumiwa kufungia watu mlango.

Lakini ushahidi hauelekei huko. Mwaka 1991 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha kwa Kiswahili masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, wa matabaka tofauti, miongoni mwao aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa. Wanasimulia arusi, lelemama, ndoa, kazi na dharau, kila mmoja kwa usemi wake. Mji unaojitokeza humo si wa waungwana peke yao. Waliodharauliwa waliisema lugha hiyo, wakaitumia kujibu dharau. Zaidi ya hayo, Kimvita na lugha za Kimijikenda ni ndugu wa karibu katika kundi la Sabaki, na mengi yanayofutwa katika Kimvita ili kuifuata Sanifu ni yale yanayoonyesha udugu huo. Hivyo uchunguzi makini wa lahaja hii unauvuta mji kuelekea bara yake, hauutengi nayo. Mji ambao Ibn Battuta aliukuta ukila nafaka ya ng'ambo unajulikana vizuri zaidi kwa lugha yake kuliko kwa ngome yake.

Pingamizi la tatu husema kwamba lahaja hubadilika na kufa zenyewe, na kwamba mtaalamu hana haki ya kuzuia maji yasitiririke. Hoja hii ingekuwa na uzito lau mabadiliko yangekuwa ya hiari. Lahaja ambayo wasemaji wake husahihishwa tangu darasa la kwanza haijafa kwa umri, imeachishwa kazi. Na hata kama kutoweka kwake hakuzuiliki, kuiandika kabla haijatoweka ni wajibu wa kawaida wa taaluma, kama ilivyo kwa mwanaakiolojia anayechimba mahali panapotarajiwa kujengwa.

6.0 Kazi inayosubiri

Yapo mambo manne ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila kungoja sheria mpya wala fedha nyingi.

Kwanza, itungwe kamusi ya Kimvita inayozingatia matamshi, yenye alama za mpumuo na za t mbili, na inayotaja nani hulitumia neno na katika kazi gani. Kamusi ya Krapf ni ya mwaka 1882. Ni aibu kwa taaluma kwamba mwanafunzi wa leo anayetaka kulifuatilia neno la Mombasa bado hulazimika kuanza na mmisionari wa Kijerumani.

Pili, yakusanywe majina ya mitaa, visima, misikiti, bandari na fukwe za kisiwa pamoja na maelezo ya wakazi wake, kwa maana majina mengine yanabadilishwa na mengine yanatajwa na wazee tu.

Tatu, msamiati wa ufundi urekodiwe pamoja na mafundi wenyewe. Nabhany alifanya hivyo kwa Lamu alipotunga Sambo ya Kiwandeo (1979), kuhusu ujenzi wa chombo, na Umbuji wa Kiwandeo (1985), kuhusu ujenzi wa nyumba. Mombasa inastahili kazi ya kiwango hicho. Fundi anayekarabati nyumba ya Mji wa Kale anajua boriti ikae wapi na chokaa ichanganywe vipi, na ujuzi huo umo ndani ya maneno. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaweza kumzuia mwenye nyumba asiivunje roshani; haiwezi kumfundisha mtoto wake jina la kila kipande cha roshani hiyo.

Nne, walimu wa Kiswahili wafundishwe katika vyuo vya ualimu kutofautisha kosa na lahaja. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba katika mtihani huandikwa macho, na kwamba nyumbani kwao na katika ushairi wa Muyaka husemwa mato, na kwamba yote mawili ni Kiswahili. Sentensi hiyo haigharimu chochote. Kwa mtoto husika, inaweza kuwa tofauti ya kuiona lugha yake kama elimu au kama ila.

Hapa ndipo mfano wa Mwalimu Sikujua unaporudi. Hakuwa na idara, wala jarida, wala ruzuku. Alikuwa na kumbukumbu, subira, na imani kwamba mashairi ya mtu aliyekufa miaka mingi nyuma yanafaa kuandikwa. Yahya Ali Omar alifariki mwaka 2008, Nabhany mwaka 2017, Ahmad Nassir mwaka 2019. Kila mmoja wao alikuwa na wanafunzi, lakini hakuna aliyeachiwa nafasi rasmi ya kuirithisha kazi yake. Waliobaki wenye ujuzi huo ni wazee, na vifaa vya kurekodia, vilivyokuwa ghali zamani, sasa vimo mifukoni mwa wanafunzi wote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Mombasa ina kumbukumbu za aina mbili. Moja ni ya mawe, inaonekana, imeorodheshwa, na kwa kiasi kikubwa inasimulia habari za waliouvamia au kuutawala mji. Nyingine ni ya maneno, haijaorodheshwa popote, nayo inasimulia habari za watu waliouishi: jinsi walivyopokeana, walivyogawana madaraka, walivyofungwa, walivyoyamega ya wageni wakayafanya yao, na walivyojieleza mbele ya washindi wao. Ya kwanza ina walinzi wake wenye mishahara. Ya pili imeachiwa wazee, na wakati mwingine imeachiwa kibao cha barabara.

Uamuzi wa mwaka 1928 ulikuwa juu ya namna ya kuandika vitabu vya shule. Hakuna mahali ulipowaagiza wasomi waache kusikiliza. Kusikiliza huko kumeachwa kwa mazoea, na jambo lililoachwa kwa mazoea linaweza kuanzishwa tena kwa nia. Idara itakayowapeleka wanafunzi wake katika baraza za Mji wa Kale, wakiwa na daftari na vinasa sauti, haitakuwa inafanya hisani kwa Mombasa. Itakuwa inakidai Kiswahili sehemu ya historia yake yenyewe, wakati wenye kuijua bado wako na wanaweza kuulizwa.